PMI, fahirisi ya UBOS au kipimo cha Benki Kuu: mfanyabiashara wa Uganda afuate kipi?

Kila mwanzo wa mwezi habari za biashara za Kampala hubeba namba moja: PMI ya Stanbic, yaani fahirisi ya mameneja wa ununuzi, imepanda, au imeteremka. Zikipita wiki kadhaa, UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, nayo hutoa fahirisi yake ya uzalishaji viwandani, na si ajabu ikaelekea upande mwingine. Katikati hapo Benki Kuu ya Uganda ina vipimo vyake viwili. Mwenye stoo Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, mwenye mashine ya unga Mbale, mwenye malori mawili yanayopita mpakani Malaba, wote wanabaki na swali lile lile: nimwamini nani?

Hakuna anayedanganya hapo. Kila kipimo kimeuliza jambo lake, kwa watu wake, kwa wakati wake. Ukishajua kilichoulizwa, unachagua kile kinachogusa uamuzi ulio nao wiki hii: kuongeza mzigo, kuajiri, kukopa, au kutulia kwanza.

PMI: inawahi kufika, ila ina tabia zake

Hii ndiyo inayotangulia. Hutolewa siku za mwanzo za mwezi unaofuata, wakati wengine bado wanakusanya fomu. Benki ya Stanbic ndiyo mdhamini wake, na kazi ya kuuliza na kupiga hesabu hufanywa na S&P Global. Data zake zilianza kukusanywa Juni 2016, kwa mameneja wa ununuzi wa kampuni zipatazo 400 katika kilimo, viwanda, ujenzi, biashara ya jumla na rejareja, na huduma. Kwa hiyo anayedhani PMI ya Uganda ni habari ya viwanda peke yake anakosea. Duka na shamba vimo ndani.

Swali linaloulizwa ni jepesi mno. Mwezi huu ukilinganisha na uliopita, oda mpya zimeongezeka, zimebaki pale pale, au zimepungua? Kisha uzalishaji, kisha wafanyakazi, kisha muda wa kuletewa mizigo, kisha akiba ya malighafi stoo. Majibu hugeuzwa namba hivi. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni 400: 160 zimesema oda zimeongezeka, 140 hazijabadilika, 100 zimepungua. Asilimia 40 waliosema zimeongezeka unawahesabu wote, asilimia 35 ya wasiobadilika unachukua nusu yao, yaani 17.5. Jumla 57.5. Ikiwa juu ya 50, walioongezeka ni wengi kuliko waliopungua. Ikiwa chini, ni kinyume chake.

Namba kuu inayotangazwa redioni ni mchanganyiko wa majibu hayo matano, na hayana uzito sawa: oda mpya asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa mizigo 15, akiba ya malighafi 10.

Hapo ndipo penye nguvu yake na penye mtego. Ni kura ya kunyoosha mikono: unajua wangapi wamenyoosha, hujui kama aliyenyoosha ameongeza gunia mbili au lori zima. Kwa hiyo PMI ya 54 haimaanishi uchumi umekua kwa asilimia 54, wala kwa asilimia 4. (Kuna vichwa vya habari vinavyoandikwa hivyo, na mwandishi anapaswa kurudishiwa karatasi yake.) Inasema tu kwamba ongezeko limeenea kuliko pungufu.

Mtego wa pili ni neno "mwezi uliopita". Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona, PMI ya Uganda iliporomoka hadi 21.6. Sasa fikiria duka lililokuwa likiuza kreti 100 za soda kwa wiki, Aprili likauza 30, mwezi uliofuata 35. Ukimuuliza mwenye duka kwa uaminifu atakwambia mauzo yameongezeka. Na yameongezeka kweli, lakini bado amebakiwa na thuluthi tu ya biashara yake. Baada ya anguko kubwa, PMI hurudi juu ya 50 mapema sana kuliko pesa zinavyorudi kwenye droo. Anayeona 51 akakimbilia kujaza stoo ameisoma vibaya.

Mtego wa tatu ndio ninaoupenda, kwa sababu unatuhusu sisi tusio na bahari. Katika hesabu ya PMI, mizigo ikichelewa kufika, namba inapanda. Mantiki yake ni kwamba wauzaji wa malighafi wakizidiwa na oda, wanachelewesha. Kwa hiyo kuchelewa ni dalili ya biashara moto. Kwa nchi yenye viwanda vilivyojazana karibu na bandari hilo linaweza kuwa kweli mara nyingi. Lakini kumbuka Januari 2022. Madereva wa malori waligoma kwenye mpaka wa Kenya kwa sababu ya vipimo vya korona na gharama zake, foleni ikawa ya makilomita kabla ya Malaba na Busia, na petroli Kampala ikafika shilingi 10,000 kwa lita katika baadhi ya vituo. Mzigo wa mwezi ule haukuchelewa kwa sababu wateja walikuwa wengi. Ulichelewa kwa sababu lori limesimama. Kanuni hailijui hilo. Kwake kuchelewa ni kuchelewa. Ndiyo maana ukiona PMI imepanda wakati kuna shida njiani kutoka Mombasa, iache namba kuu, shuka chini uangalie oda mpya na uzalishaji peke yake.

Na ukishashuka huko, kuna kitu kingine chenye faida kuliko namba kuu yenyewe: bei za malighafi na bei za kuuzia. Hazimo kwenye mchanganyiko wa yale matano, kwa hiyo redio haizitaji, lakini taarifa kamili huzieleza na mara nyingi husema sababu, kama ni mafuta, umeme au bidhaa fulani. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kujua kwamba wengi wanalipia malighafi zaidi lakini hawajathubutu kupandisha bei kwa mteja kuna thamani kuliko kujua kwamba PMI ni 53 badala ya 52. Maana yake faida ya mwezi ujao inabanwa, na kuna watakaochoka kuvumilia.

Fahirisi ya viwanda ya UBOS: tani, lita na mifuko

Ofisi ya Takwimu ya Uganda, ile ya Statistics House kwenye barabara ya Colville, haiulizi mtu anaonaje. Inauliza mmetoa kiasi gani. Tani za sukari, lita za bia na soda, tani za saruji, mabati, sabuni, rangi, magodoro. Kiasi hicho hulinganishwa na mwaka wa msingi, ambao huhesabiwa kuwa 100, na kila kundi la bidhaa hupewa uzito wake.

Uzito ndio roho ya fahirisi hii. Kwa msingi wa zamani wa 2002, usindikaji wa vyakula ulibeba takriban 400 katika kila 1,000, vinywaji na tumbaku kama 200, huku nguo na viatu vikiwa na 43 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: vyakula vikishuka kwa asilimia 10 na vingine vyote vikasimama pale pale, fahirisi nzima inashuka kwa asilimia 4. Nguo zikishuka kwa asilimia 10 hiyo hiyo, fahirisi inatikisika kwa chini ya nusu asilimia. Mwenye cherehani 30 Jinja anaweza kufa njaa na fahirisi isijue.

Maana yake kwa Uganda ni kwamba kipimo cha viwanda kwa kiasi kikubwa ni kipimo cha mashamba yaliyopita kiwandani. Miwa ikikosekana Busoga, au viwanda vya sukari vya Kakira na Kinyara vikisimamisha mitambo kwa matengenezo, namba inainama hata kama watu hawajaacha kununua. Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, zinaingia humo kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo usilinganishe mwezi na mwezi uliotangulia hata kidogo. Linganisha Juni na Juni ya mwaka jana, au bora zaidi, chukua wastani wa miezi mitatu uuweke kando ya miezi mitatu kama hiyo ya mwaka uliopita. PMI, kwa upande wake, huondolewa athari za misimu kabla ya kutolewa, kwa hiyo mwezi kwa mwezi inasomeka.

Faida ya UBOS ni kwamba inajua ukubwa. Kiwanda cha saruji Tororo kikipunguza nusu ya uzalishaji, fahirisi inaonyesha nusu hiyo. Kwenye PMI ni jibu moja tu la "imepungua", sawa na la aliyepunguza mifuko michache. Ukitaka kujua kama uchumi wa viwanda umekua kwa kiasi gani, hapa ndipo pa kuja, hakuna pengine.

Hasara ni mbili. Ya kwanza, inachelewa. Viwanda hutuma fomu kwa mwendo wao, takwimu hurekebishwa baadaye, na mwezi unaousoma umeshakuwa historia. Ya pili, inaona viwanda tu, na zaidi vile vyenye vitabu vya uzalishaji. Fundi wa Katwe anayechomelea mageti usiku, mama anayesaga karanga Nakawa na kuzifunga kwenye mifuko midogo, hao ni wazalishaji kwa maana zote, lakini si rahisi kuwaona kwenye tani za UBOS. Wenye maduka, saluni, boda boda na malori hawamo kabisa, kwa sababu si kazi ya fahirisi hiyo.

Mwaka 2020 ulionyesha tofauti hiyo vizuri. Serikali iliruhusu viwanda viendelee mradi wafanyakazi walale humo humo kiwandani, na kweli wengine walihamia na magodoro yao. Wakati huo usafiri wa umma umesimama na maduka yasiyo ya chakula yamefungwa. PMI, yenye duka na huduma ndani yake, ilibeba maumivu ya wote. Fahirisi ya viwanda ilikuwa inatazama geti ambalo bado moshi unatoka. Kutegemea vipimo hivyo viwili vishuke kwa kina kimoja ni kutovielewa.

Vya Benki Kuu: kimoja kinasoma kodi, kingine kinasoma nyuso

Kipimo kikubwa cha Benki Kuu ni fahirisi ya jumla ya shughuli za uchumi, inayoandikwa CIEA. Hiki hakimuulizi mtu yeyote. Kinachukua vitu saba vilivyokwisha kuandikwa mahali: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kama dalili ya matumizi ya watu, mikopo mipya kwa sekta binafsi kama dalili ya uwekezaji, matumizi ya kawaida ya serikali, matumizi yake ya maendeleo, ushuru wa bidhaa, mauzo ya nje, na manunuzi kutoka nje. Huchanganywa, na hutoka kila mwezi kwa kuchelewa kidogo.

Uzuri wake ni upana. Barabara ikijengwa Karamoja, inaonekana. Kahawa ikiuzwa Ulaya, inaonekana. Kwa mtu anayetaka kujua kama nchi nzima inasonga, hii ndiyo picha ya karibu kabla UBOS haijatoa pato la taifa la robo mwaka.

Lakini kipimo kinachopita kwenye kodi kina ugonjwa wa kodi. VAT yetu ni asilimia 18, na kisheria anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka. Walio chini ya hapo hawasomeki moja kwa moja. Halafu kuna EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato, ulioanza Januari 2021. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga, Kikuubo ikawa kimya mchana kweupe. Tuache ubishi wa nani alikuwa na haki. Kwa msomaji wa takwimu hoja ni hii: ukusanyaji ukikazwa, VAT inaweza kupanda bila mtu kununua kilo moja zaidi ya sukari. Mauzo yale yale, ila sasa yameandikwa. Ukiona matumizi ya watu yanapanda kwa njia ya VAT mwaka ambao sheria ya kodi imebadilika, punguza shangwe.

Mauzo ya nje nayo yana dhahabu. Dhahabu nyingi inayosafirishwa kutoka Uganda huchimbwa nje ya nchi, ikaletwa na kusafishwa hapa kabla ya kuuzwa. Ilipowekwa tozo mpya Julai 2021, wasafirishaji walisimama, na thamani ya mauzo ya nje ikakatika ghafla. Mkulima wa kahawa Masaka hakuhisi chochote. Kwa hiyo kila takwimu ya mauzo ya nje iulize kwanza: pamoja na dhahabu, au bila?

Kipimo cha pili cha Benki Kuu ni kile cha mwelekeo wa biashara, BTI. Hiki kinawauliza wakuu wa kampuni za ujenzi, viwanda, biashara ya jumla, kilimo na huduma wanaonaje hali ya sasa na inayokuja: uzalishaji, oda, ajira, bei, upatikanaji wa mikopo. Nacho kina mstari wa 50. Kinafanana na PMI kwa umbo ila roho ni nyingine. PMI inauliza kilichotokea, BTI imeelemea kinachotarajiwa. Na bosi akiulizwa anatarajia nini, mara nyingi ataona kheri, kwa hiyo hukaa juu ya 50 kwa raha. Mimi hukiangalia pale kinaposhuka tu. Matajiri wakianza kunyong'onyea kwa pamoja, kuna jambo.

Makerere wana chao pia, kupitia kituo cha utafiti cha EPRC, lakini ni cha robo mwaka, kwa hiyo hakiingii kwenye mashindano haya ya kila mwezi.

Basi uchague nini?

Kama una duka la jumla au stoo, na unaamua kuhusu mzigo wa wiki tatu hadi sita zijazo, chukua PMI. Usiishie kwenye namba kuu. Soma oda mpya, bei za malighafi na bei za kuuzia. Oda zikiwa juu ya 50 kwa miezi mitatu mfululizo, hapo kuna mwelekeo. Mwezi mmoja peke yake ni kelele, hasa kipindi cha kufungua shule au baada ya Krismasi, kwa sababu hesabu ya misimu hujitahidi lakini haiwezi kukamata kila kitu.

Kama una kiwanda kidogo na unafikiria kununua mashine itakayolipwa kwa miaka minne, PMI ni nyepesi mno kwa uamuzi mzito hivyo. Fungua majedwali ya UBOS, tafuta kundi lako, siyo fahirisi nzima. Mtengeneza sabuni atazame kemikali na sabuni. Mwoka mikate atazame vyakula, tena akijua sukari inaweza kulivuta kundi lote bila yeye kuhusika. Tazama miaka mitatu minne nyuma. Ukiona kundi lako linakua kwa kiasi huku wewe umesimama, tatizo si soko.

Kama unakwenda kukopa, au kushika zabuni ya ujenzi inayolipwa na serikali, CIEA ndiyo inayokufaa zaidi, kwa sababu mikopo na matumizi ya maendeleo vimo ndani yake. Halafu ndiyo inayotazamwa na watu wanaopanga riba. Kuisoma ni kusoma kile wanachokisoma.

Mwenye malori nimemwacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hana kipimo chake hasa. Kwake ningesema achukue vipande: ndani ya PMI achukue muda wa kuletewa mizigo, na kwenye takwimu za biashara ya nje achukue manunuzi yanayoingia. Muda ukirefuka huku manunuzi yanapanda, barabara ina kazi, bei ya kubeba inaweza kupanda. Muda ukirefuka huku manunuzi yanashuka, kuna kitu kimekwama mpakani, na lori la pili lisubiri kwanza.

Mwanafunzi na mwandishi wa habari wao wana njia fupi: Wizara ya Fedha hutoa taarifa ya mwezi ya mwenendo wa uchumi, na ndani yake PMI, BTI na CIEA hukaa ukurasa mmoja au miwili. Zinapokubaliana zote tatu, andika kwa kujiamini. Zinapogombana, habari yako iko hapo hapo kwenye ugomvi: nenda ukaulize ni sekta gani imo kwenye kimoja na haimo kwenye kingine.

Na ukilazimishwa kushika kimoja tu? Mimi hushika PMI, kwa sababu Uganda ni nchi ya maduka, mashamba na huduma kuliko ya mabomba ya moshi, na kipimo kinachochanganya hao wote na kufika mwanzoni mwa mwezi kinanisaidia kabla sijatoa pesa. Lakini kila baada ya miezi mitatu naiweka kando ya tani za UBOS. PMI ikisema juu, juu, juu, na tani hazijasogea, nawapigia simu wauzaji wangu wawili watatu wa eneo la viwanda la Namanve kuuliza foleni ya malori getini kwao ikoje.